Mwangalie anayebeba mipira

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Jiografia katika sekondari moja ya kata mkoani Shinyanga. Januari mwenzangu aliyekuwa akisimamia michezo alihama, mkuu wa shule akanikabidhi mimi. Timu ya mpira wa miguu ina vipaji, mwaka jana ilicheza fainali ya wilaya. Shida ni kepteni, ambaye ndiye mfungaji wetu. Siku ya mechi haingii darasani, watoto wa kidato cha kwanza anawapiga makonzi, na wenzake wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi. Wasichana wa netiboli hawana utovu wa nidhamu, ila wanapukutika: wiki ya kwanza wanakuja kumi na wanne, ya tatu wamebaki watano. Mkuu anataka kombe. Nimesoma makala nyingi za uongozi na utamaduni wa timu, zote ni za shule zenye basi na jimu. Nianzie wapi? Na huyu kepteni nimvue kitambaa?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole. Kukabidhiwa michezo katika shule ya kata mara nyingi maana yake ni kukabidhiwa ufunguo wa stoo yenye mipira miwili, mmoja umepasuka.

Habari ya kepteni nitaifikia. Kwanza nikutume kazi ya wiki moja. Vipindi vikiisha jioni usikimbilie uwanjani na filimbi. Kaa barazani uangalie mipira inavyotoka stoo. Nani anabeba? Nani anachota maji, na ndoo ikifika nani anakunywa wa kwanza, nani wa mwisho? Mazoezi yakiisha vizibao anakusanya nani, na nani ameshatangulia zake nyumbani? Mtoto wa kidato cha kwanza akipoteza pasi anaambiwa nini, na kepteni akipoteza pasi kama ileile anaambiwa nini? Usikemee mtu. Andika kwenye daftari, majina na siku.

Nakutuma hivyo kwa sababu umeuliza kana kwamba hapo hakuna utamaduni, unatakiwa kuja kuujenga. Upo. Kila timu inao, kama kila nyumba ilivyo na harufu yake, mwenyeji tu ndiye haisikii. Vijana wako wanajua fika kwamba mfungaji akichelewa mazoezi yanamsubiri, na mdogo akichelewa anapigishwa magoti. Hakuna aliyewaandikia ubaoni. Wamejifunza kwa kuangalia nani anaadhibiwa na nani anachekewa. Wewe mgeni wa Januari pua yako bado inafanya kazi, lakini ukifika Juni utakuwa umezoea.

Somo hili mimi nililinunua kwa bei mbaya. Nilipotoka Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, nilikuwa na faili zima la mazoezi: ya pasi, ya pumzi, ya mipira ya kona. Shule yangu ya kwanza ilikuwa na kijana wa kidato cha pili tuliyemwita Mzee wa Stoo. Mwaka mzima ndiye aliyebeba mipira, akaipiga pampu, akaifuata ikiangukia kwenye mashamba ya pamba. Alikuwa golikipa wa tatu, maana yake hakuwa golikipa. Mazoezi yakianza alisimama nyuma ya goli kuokota. Nami kila Ijumaa nilikuwa nawahubiria umoja. Siku ya fainali golikipa wa kwanza akavunjika kidole, na wa pili alikuwa kwao anaumwa malaria. Akaingia Mzee wa Stoo. Tulifungwa matatu. Bao la pili lilimpita katikati ya miguu, na beki wetu wa kati, kijana niliyekuwa nimemsifia uongozi mbele ya shule nzima, akamtemea mate miguuni watu wakiona. Jumatatu nilikuta ufunguo wa stoo juu ya meza yangu, ameuleta mwenzake. Hakukanyaga tena uwanjani hadi alipomaliza shule.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule beki. Siku hizi nikikumbuka, kinachonirudia ni kwamba mtoto yule alikuwa nasi kila jioni kwa mwaka mzima, na mimi mwalimu sikuwahi kumpigia hata mashuti ishirini. Tangu hapo nikienda kuangalia timu ya mtu, wa kwanza kumtafuta ni anayebeba mipira. Ana umri gani, alichaguliwaje, na mazoezi yakianza anasimama wapi.

Kwa hiyo unaanzia hapo. Ile wiki ya kuangalia ikiisha, siku ya kwanza beba mipira wewe mwenyewe, bila hotuba. Wadogo watakimbilia kukupokea, maana ndivyo walivyolelewa. Wakatalie kwa upole. Siku ya pili mwite kepteni mbebe naye. Ya tatu, mwingine wa kidato cha nne. Wiki inayofuata bandika zamu mlangoni pa stoo, kidato cha nne wakianza na cha kwanza wakimalizia. Ni jambo dogo, na utaona litakavyopingwa. Katika shule zetu mdogo kumfulia mkubwa jezi na kumchotea maji ni desturi iliyokuwepo kabla yangu na yako. Walio kidato cha nne leo waliyafanya hayo miaka mitatu iliyopita, na sasa ilikuwa zamu yao ya kutumikiwa. Ukiifuta wanaona umewadhulumu. Waambie hivyohivyo kwamba unajua wanadai, na kwamba deni hili linafia kwao. Wawili watatu watanuna mwezi mzima. Waache wanune huku wamebeba mipira.

Sasa kepteni. Usimvue, angalau si sasa. Ukimvua leo kitambaa utakipata wewe na wafuasi atabaki nao yeye, tena akiwa na sababu mkononi. Halafu tuliangalie kosa lenyewe. Kutoingia darasani siku ya mechi, nani alimruhusu? Mwalimu wa Hesabu alimwona saa tano asubuhi anapasha misuli uwanjani, akanyamaza, kwa kuwa jioni kuna mechi na mkuu atakuwa amekaa pale mbele na wageni wake. Hilo lilikuwa limeshaamuliwa na shule nzima, kijana amelikuta. Makonzi ndiyo yake mwenyewe.

Mwite siku isiyo na mechi, mkae mahali pa wazi. Muulize Jumamosi na Jumapili anacheza wapi. Nakubashiria atakwambia anacheza ndondo. Mfungaji mzuri wa umri ule hakosi timu ya mtaani inayompa nauli na soda, na kwenye mashindano ya mbuzi pengine hata sahani ya ubwabwa na elfu tano. Huko anakaa na watu wazima ambao hawamwulizi kama amefanya zoezi la Fizikia, na huko ndiko amejifunza kwamba anayefunga hagombezwi. Muulize anaishi na nani. Muulize akimaliza kidato cha nne anataka nini. Wengine utakuta hawajawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwenye nia ya kusikiliza jibu.

Ukishayajua hayo, ndipo umpe kanuni, na iwe moja kwa timu zote, wavulana na wasichana: asiyeingia darasani asubuhi, jioni havai jezi. Mahudhurio unayachukua kwa walimu wa darasa wakati wa chai ya saa nne. Inaanza tarehe ambayo kila mtu ameisikia. Narudia, moja. Nimewahi kuona ukutani kanuni kumi na saba za timu, mojawapo ikisema "upendo", na chini yake mtoto amelala badala ya kuwa darasani. Kanuni ambayo hutaweza kuitekeleza siku ya nusu fainali usiiandike kabisa.

Kwa sababu atakujaribu, na hatafanya hivyo kwenye bonanza. Atasubiri mechi ambayo wilaya nzima inaizungumzia, aingie kipindi cha kwanza atoke, halafu jioni aje na njumu begani kama kawaida. Hapo timu nzima, pamoja na wale wadogo, watakuwa wanakuangalia wewe, yeye hawana haja naye. Mimi nilimkalisha senta wangu wa netiboli siku kama hiyo. Tulifungwa kwa tofauti ya mabao tisa na niliitwa ofisini jioni ileile. Mwaka uliofuata mahudhurio hayakunisumbua tena, lakini nisikufiche, yule binti hakunisamehe. Leo ni mama wa watoto wawili, tukikutana sokoni ananiamkia kisha anapita.

Ndiyo maana mkuu wa shule lazima ajue kabla. Usimpelekee habari ya kumwacha mfungaji nje saa nane mchana siku ya mechi. Kaa naye mapema umwonyeshe kanuni, aiweke sahihi yake. Watu wa umri wangu ukitaja Makongo wanamkumbuka Kanali Iddi Kipingu, aliyekuwa mkuu wa shule ile ya jeshi (JWTZ) pale Dar es Salaam, na baadaye akaongoza Baraza la Michezo la Taifa. Michezo ya pale ilisimama kwa sababu mwenye ofisi kubwa aliichukulia kuwa kazi yake. Mwalimu wa michezo asiye na mkuu nyuma yake ni refa asiye na kadi.

Na kuhusu kombe analolitaka, mpigie hesabu kwa adabu. Katika UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, chini huku shule inacheza kama shule, lakini kadiri ngazi zinavyopanda wateuzi wanachomoa watoto mmoja mmoja, hadi kule taifa ambako wanaocheza ni mikoa. Mtoto wako akiitwa timu ya mkoa amevaa jezi ya mkoa, na kikombe kikipatikana kinakwenda mkoani. Wenzetu wa Kenya wanafanya tofauti: shule yenyewe inapanda hadi taifa, na ikishinda inaendelea hadi michezo ya shule za sekondari ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2022 ilifanyika hapa kwetu Arusha. Ndiyo maana Mkenya atakutajia Kakamega High kwa jina la timu, Green Commandos, kama mtu anavyotaja klabu, na sisi tunataja mikoa. Kila mpango una ugonjwa wake. Kwao ni shule kuvutana wachezaji. Kwetu, mtoto anajua tangu mashindano ya kata kwamba chini ya mwembe kuna mtu amekaa na karatasi anaandika namba za jezi. Kwa nini atoe pasi? Pasi haiandikwi.

Nadhani sehemu kubwa ya unayoyaona kwa kepteni wako yametoka hapo. Kwa miaka mitatu amecheza kwa ajili ya mtu wa chini ya mwembe. Huwezi kuuondoa mfumo huo, lakini unaweza kuuweka wazi. Waambie wote kwamba wawili watatu wenu mnaweza kuitwa, na waliobaki kumi na tano mtarudi hapahapa, na shule itaendelea kuwa na timu. Na wewe, wateuzi wakikuuliza habari za mtoto, wanauliza mara nyingi kuliko unavyodhani, mtaje pia beki asiyeonekana. Vijana wakishajua kwamba jina linaweza kutoka kinywani mwa mwalimu na si miguuni tu, utaona jambo.

Umesema unafundisha Jiografia, kwa hiyo nikukumbushe mwalimu mwenzako wa Jiografia. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda kutoka Ireland, alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kwenye bonde la ufa la Kenya, kufundisha somo hilo. Riadha alikuwa haijui. Alianza kwa kumsaidia Mwingereza mmoja aliyekuwa akiwafundisha wanariadha pale, Mwingereza akaondoka, kazi ikabaki mikononi mwake. Peter Rono, kijana wa shule ile, akachukua dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na miaka mingi baadaye David Rudisha, aliyelelewa na bruda huyohuyo katika mbio, akakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012. Shuleni pale wamepanda miti kwa majina ya mabingwa. Walimu wetu wakitembelea Iten wanarudi na wazo la miti, na nimeshaona shule iliyopanda mti kabla ya kupata hata mshindi wa wilaya. Mimi ninalolichukua ni jingine. Mtu asiyejua alikaa pembeni akaangalia watoto wanavyokimbia, akawauliza wenyewe, na kesho yake akarudi. Iten ipo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Shinyanga haipo, hilo halina dawa. Kurudi kesho yake kunawezekana popote.

Makonzi nisiyapitie haraka. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa kosa kubwa, viboko visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kepteni hayumo kwenye orodha hiyo. Hata wewe pengine humo. Mwambie waziwazi kwamba siku utakayomwona ananyanyua mkono juu ya mtoto, hapo ndipo kitambaa kinatoka, papo hapo, katikati ya mazoezi, na hakirudi. Nami naongeza lingine ambalo wenzangu wengi hawalipendi: acha pia kuwaadhibu kwa kuwazungusha uwanja. Unawafundisha watoto kwamba kukimbia ni adhabu, halafu jioni unashangaa hawakimbii.

Viongozi wengine utawatoa wapi? Kepteni mmoja hatoshi, na mechi za shule kwa shule ni chache mno kumfundisha mtu kuongoza. Anzisha ligi ya mikondo: kidato cha kwanza A, B, C, na kuendelea, mechi za nusu saa, Jumanne na Alhamisi. Kila mkondo uwe na kocha, na awe mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne ambaye hachezi mechi hiyo. Waamuzi wanafunzi. Mwandishi wa matokeo mwanafunzi, na msimamo unabandikwa ubaoni kila Ijumaa. Gharama yake ni chaki. Hapo ndipo utawaona: binti mkimya anayejua sheria za netiboli kuliko wewe, kijana asiye na miguu ya mpira lakini akisema "kaeni chini" watoto thelathini wanakaa. Huyo wa pili usimwache aende. Kepteni wako naye mpe mkondo wa kidato cha kwanza kuufundisha, walewale aliokuwa anawapiga. Wakifungwa, msimamo unaosomwa mbele ya shule una jina lake. Nimefanya hivyo mara tatu. Mara mbili ilifanya kazi vizuri ajabu. Ya tatu kijana aliendelea kuwatukana nikamwondoa.

Na ukifika wakati wa kuchagua kepteni mpya, usiwaulize nani anacheza vizuri, hilo kila mtu analiona. Gawa vikaratasi viwili bila majina. Cha kwanza: tukiwa nyuma mabao mawili ungependa nani awe karibu yako? Cha pili: ukipata shida usiku njiani mkitoka mechi, utamwambia nani? Majina ya karatasi ya kwanza na ya pili mara nyingi hayafanani. Mimi kitambaa nilikuwa nampa wa karatasi ya pili.

Wasichana. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa umeandika mistari mingi kuhusu kijana mmoja na mmoja tu kuhusu mabinti tisa waliopotea. Hawajakata tamaa. Wana kazi nyumbani. Shule yako ni ya kutwa, na binti anayetoka uwanjani saa kumi na mbili akitembea kilomita tano anafika giza limeingia, kuni hazijaletwa, maji hayajachotwa, na mama anamsubiri mlangoni. Wiki ya kwanza alisema alikuwa na kipindi cha ziada, ya pili hakuaminiwa, ya tatu akabaki. Waite wote kumi na wanne, wewe na mwalimu wa kike, waulize ni saa ngapi wanaweza. Watakupangia wenyewe. Mimi walinipangia mara moja wakati wa mapumziko ya mchana na mara moja Jumamosi asubuhi, nikabaki na kumi na wawili hadi mwisho wa mwaka.

Yapo mengine ambayo hawatakwambia wewe mwanaume. Bukta hawana, wanacheza na sketi ya shule na kuishika kwa mkono mmoja wakiruka. Siku za hedhi hakuna pa kubadilishia. Wavulana wakishamaliza zamu yao ya uwanja hawatoki, na hakuna mtu anayewatoa. Hili la mwisho ni la kwako, litoe kesho. Kwa bukta na taulo za kike zungumza na mwalimu mlezi, zichukuliwe kuwa vifaa vya michezo kama mpira ulivyo kifaa, ziwekwe kwenye bajeti ya mkuu bila aibu. Na safari: wasichana hawaendi mechi ya nje bila mwalimu wa kike, hawalali kambini bila mwalimu wa kike, na hakuna binti anayebaki peke yake na mwalimu wa kiume kwenye gari, darasa au nyumba, hata awe mwalimu mwema kuliko wote, hata awe wewe. Hili halina mjadala. Mwalimu wa kike akikosekana, mechi inafutwa. Wazazi wakishaona hivyo, ndipo yule mama wa mlangoni atakaporegeza. Na akiuliza mpira utamsaidia nini bintiye, mwambie mwaka 2023 wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa miguu wa shule kule Durban. Walikuwa wanafunzi, kama wa kwake.

Hukuuliza kuhusu mamluki, lakini watakuja. Ikikaribia UMISSETA ya wilaya, mtu mwenye mapenzi na shule, pengine mfanyabiashara, pengine diwani, atakuletea kijana "aliyehamia juzi" mwenye ndevu. Kijeba huyo atafunga mabao, kombe litakuja, mkuu atafurahi. Lakini hesabu kikosi. Ili ndevu ziingie kuna mtoto ametoka, na hatakuwa mfungaji. Atakuwa yule aliyekuja mazoezini kila siku na kubeba zamu yake ya mipira. Na watoto wote wataelewa siku hiyohiyo kwamba zile zamu mlangoni pa stoo zilikuwa maigizo.

Nduguye mamluki ni kamati ya ufundi. Unacheka, lakini kabla ya fainali mtu atapitisha mchango wa mia mia mia kwa ajili ya mganga, na mara nyingi anayepitisha ni kepteni, maana ndiyo kazi aliyowaona makepteni wa ndondo wakifanya. Usigombane na imani za watu kwenye uwanja wa shule, utashindwa. Mimi nilikuwa nachukua mchango ule mbele yao, nauhesabu, nanunua glukosi na ndimu, narudisha chenji na risiti. Mwaka mmoja tulishinda na wakasema glukosi ile ilikuwa imefanyiwa kitu. Nikawaacha waamini.

Kuhusu ule mpira uliopasuka, usiutupe. Kwenye stendi yoyote kuna fundi viatu anayeshona mpira wa ngozi kwa uzi wa nailoni, na kibofu cha ndani kikiwa kimekufa anajua pa kukipata kingine. Mtume kepteni Jumamosi hii, kabla hajaenda kwenye ndondo yake, na mmoja wa wale watoto wa kidato cha kwanza waende pamoja. Pesa mpe mtoto ashike.